Bibi, Jiwe na Breki za Panzi

Mjukuu wangu anaendesha gari vizuri, ila ana haraka ya ujana. Juzijuzi alinichukua Lushoto kunishusha Mombo, na kabla hatujafika Soni harufu ile ikaingia dirishani. Wenzangu mliokulia milimani mnaijua: harufu ya breki zilizopata moto, kali na kavu, kama blanketi la sufu lililosahauliwa chini ya pasi ya mkaa. Kijana akaniomba radhi, akataka kufunga dirisha. Nikamwambia aliache wazi. Alinitazama kama mtu aliyesikia bibi yake akiomba sigara.

"Bibi, unacheka au unalia?"

"Tazama barabara," nikamwambia. "Na gia unayopandia ndiyo unayoshukia."

Hakujua kwamba maneno yale si yangu. Kuna watu wakinusa vitumbua vya asubuhi wanarudi utotoni. Mimi hurudi kwa breki, na nikifika huko huwakuta watu watatu ambao sijamaliza kuwashukuru, mmoja wao akiwa ameketi kinyumenyume na jiwe mapajani.

Bado tulikuwa chini ya Mwingereza. Baba yangu alikuwa mchungaji wa Kilutheri, na mimi nilizaliwa Tanga alipokuwa akihudumu huko. Nilikua nikisema Kiswahili cha mjini na kula futari kwa jirani kila Ramadhani, mpaka kanisa lilipomrudisha baba milimani kwao, kwenye usharika mmoja uliokaa mgongoni mwa mlima, njia ya kutoka Soni kwenda Bumbuli. Kishambaa changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Watoto wa pale walinicheka, nami niliwacheka kwa kuwa hawajaona meli, basi tukawa tumelipana.

Tulipohamia, mama alikuwa mjamzito, na nyumba nzima ilikuwa na hofu ambayo hakuna aliyeitaja mbele yangu. Lakini mtoto anayelala chumba cha pili husikia. Kabla yangu mama alikuwa na mimba nyingine, hukohuko milimani. Uchungu ulikwama, wanaume wakambeba kwenye machela, wakapanda na kushuka kuelekea hospitali ya misheni Bumbuli, na walipofika mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mimi nilizaliwa salama kwa sababu Tanga hospitali ilikuwa karibu. Sasa tulikuwa tumerudi kwenye milima ileile, na mama alikuwa amemwambia baba neno moja: "Machela siipandi tena."

Hapo ndipo Panzi anapoingia.

Panzi lilikuwa gari la mashindano, la kijani, la viti viwili, bila paa. Paa lake la turubai lilikuwa limeliwa na panya. Lilikuwa na pua ndefu, taa mbili zilizotokeza kama macho, na magurudumu ya spoku kama ya baiskeli. Lilikuwa kuukuu hata wakati ule. Mzungu mmoja mpima ardhi, aliyekuwa rafiki wa baba, alipokuwa anarudi kwao alilitafutia mnunuzi akakosa, akampa baba. Alisema gari lile liliwahi kushinda mbio huko Ulaya. Baba alisema anaamini kabisa, maana mashindano ya kusimama lisingeshinda.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake. Breki zake hazikuwa za mafuta kama za siku hizi. Ulipokanyaga, nyaya zilivuta, na vyuma vilivyovikwa ngozi ngumu ya breki vikajibana ndani ya kila gurudumu, kama vilipenda. Mara nyingi havikupenda. Baba alikuwa akishuka kwenye mteremko wa kanisa anapiga honi kutoka juu mpaka chini, akina mama wakiokota watoto na mbuzi njiani, kisha akilielekeza gari kwenye ukingo wa udongo likajisimamishe lenyewe. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia mbele ya watu, "Mchungaji, tulimwomba Mungu akupe usafiri. Hatukumwomba akupe mbawa." Watu wakacheka, baba naye akacheka, lakini niliona anavyomtazama mama na tumbo lake. Gari lile lingeweza kumfikisha hospitali kabla machela haijavuka kilima cha kwanza. Pia lingeweza kumfikisha kaburini.

Mimba ilipokuwa kubwa, Bibi mzaa mama alikuja kumwangalia mwanawe. Alikuja kwa miguu kutoka Mlalo, kikapu kichwani na kuku kwapani. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nikakimbia kumwambia baba, "Bibi amefika!" nikitegemea atoke mbio kumpokea. Baba alivaa koti haraka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilipogeuka, Bibi naye alikuwa amejifunika kanga mpaka puani na kutazama migomba, kama aliyekuja kwa ajili ya ndizi.

Na ikawa hivyo siku zote. Hawakusalimiana. Hawakutazamana. Baba alikula barazani, Bibi jikoni. Mmoja akiingia, mwingine alikumbuka kazi nje. Likiwepo jambo la lazima, liliniangukia mimi. "Mwambie baba yako kuni zimelowa." "Mwambie Bibi nimesikia." Wakati mwingine walikuwa wametenganishwa na mlango tu, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri, na mimi nimesimama katikati nikirudia maneno kama kasuku. Mimi ambaye nilifinywa sikio kila nilipopitiliza mkubwa bila shikamoo! Kwa akili yangu ya Tanga, watu wasiosalimiana wamegombana. Niliamini Bibi anamchukia baba kwa sababu ya yule mtoto wa machela, na kila jioni niliwaombea wapatane.

Halafu nikaliona jiwe.

Siku hiyo mama alitakiwa kwenda kupimwa. Bibi hakukubali aende bila yeye, lakini gari lilikuwa na viti viwili, na kukaa bega kwa bega na baba kulikuwa hakuwezekani hata kwa kutajwa. Nyuma ya viti palikuwa na nafasi ya mizigo. Bibi akapanda humo, akageuka, akaketi akiwapa mgongo baba na mama, miguu ikining'inia nyuma ya gari, uso ukitazama njia tunayotoka. Mapajani aliweka jiwe jeusi la mtoni, refu kidogo kuliko kichwa cha mtoto, limefungwa kwenye kanga chakavu. Mimi nikabanwa ubavuni mwake, nikitazama mbele. Nililitazama jiwe, nikatazama kisogo cha baba, nikaona vinalingana vizuri sana. Nikaweka mkono juu ya kanga ile, ili likiinuka nijue.

Bibi hakuona mbele, lakini mwendo aliujua kwa namna vitu vilivyokuwa vikimkimbia.

"Mwambie baba yako nyumba zinatukimbia."

Mimi mpatanishi sikuweza kupeleka ujumbe mkavu namna ile. "Baba, Bibi anakusalimu sana, anauliza habari za kazi, na anaomba, kama hutajali, upunguze mwendo kidogo."

"Mwambie Bibi," baba akajibu huku amekaza meno, "nimekanyaga tangu kule kwenye mkaratusi."

Tulikuwa tunateremka kuelekea kwenye daraja la mbao. Honi ikalia, mama akashika mlango, na baba akaanza kulipeleka gari kwenye ukingo. Nilihisi jiwe linaondoka chini ya mkono wangu. Nikapiga ukelele, "Usimpige!" Lakini Bibi alikuwa amekwisha kuteleza chini, na mwanamke mzee yule, kanga ikiburuzika topeni, alikimbia ubavuni mwa gari akalisukumiza jiwe mbele ya gurudumu. Panzi likaruka, likapinda, likaingiza pua kwenye udongo. Maji ya mto yalisikika karibu sana.

Hakuna aliyeumia. Mama alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anapumua kwa mdomo. Bibi alimpapasa, akasikiliza, kisha akaenda kuchimbua jiwe lake. Akaja kwangu, mgongo kwa baba.

"Mwambie baba yako. Mwanangu hapandi tena gari hili mpaka lisimame pale nitakapoliweka jiwe hili."

Safari hii sikuongeza kitu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, ingawa alikuwa ameyasikia yote, akasema, "Mwambie Bibi ni haki."

Fundi Athumani alipanda kutoka Mombo kwenye lori la mboga lililokuwa linarudi tupu. Alikuwa mtu wa Muheza, mwembamba, msemaji, aliyejifunza kazi jeshini wakati wa vita, na kama ungemwachia angekueleza kwamba bila yeye Waingereza wangetembea kwa miguu mpaka Uhabeshi. Alilizunguka Panzi akilipiga makofi kama ng'ombe wa kununua. Kisha akamuuliza baba anashukaje mlima.

"Naliweka huru," baba akasema. "Natoa gia, linateremka lenyewe. Petroli hii ni sadaka ya watu, fundi."

"Mchungaji," Athumani akasema, "sadaka ya watu usiitumie kuzikia watu. Gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Injini ikushike mkono, breki zikusaidie. Ukiziachia breki mlima mzima peke yake, zitapata moto, zikipata moto hazishiki." Baba akaitikia kama mwanafunzi wa kipaimara.

Kazi ilifanyika uani, chini ya dirisha la mama. Athumani alizivua nyaya, akazisugua, akazipaka grisi, akazirudisha akizivuta mpaka zote zikawa na urefu mmoja wa kuvuta. Alikuja na ngozi za breki za lori, akazikata kwa msumeno kwa kipimo cha Panzi, akazipigilia kwa ribiti za shaba. Halafu alimwomba baba chaki. Alipaka chaki juu ya ngozi mpya, akafunga ngoma ya gurudumu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, akaizungusha, akaifungua. Palipofutika chaki ndipo palipogusa, na hapo akapapiga tupa kidogo, akapaka tena, mpaka chaki ikafutika kote. Mama alivuta kiti mpaka dirishani, akatazama kwa muda mrefu. Sidhani kuna mwanamke mjamzito aliyewahi kutazama vyuma kwa matumaini namna ile.

Bibi akalichukua jiwe, akashuka mteremko wa kanisa, akaliweka kando ya njia, mbali kidogo mbele ya mwerezi mkubwa ambapo breki zingekanyagwa. Kisha akapanda hadi juu, akaketi mahali pake kinyumenyume. Baba akaniambia nimwambie Bibi kwamba jaribio ni la hatari, ashuke.

"Mwambie baba yako mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Kama ni kufa, nife mimi, si mwanangu."

Nami nilikwenda, kwa kuwa bila mimi hakuna mazungumzo. Mama alitaka kukataa, akatazama wale wawili waliopeana migongo, akanisukuma taratibu kuelekea garini.

Tulishuka. Athumani akiwa kando ya baba alihesabu miti, kwenye mwerezi akapaza sauti, "Kanyaga!" Panzi lilishika, kweli lilishika, meno yangu yakagongana. Lakini likavuta upande, likalipita jiwe, likaenda kupumzika kwenye maharage ya mama. Watoto wote wa usharika walikuwa wanatufuata wakishangilia, nyayo zao zikafuta kila alama barabarani. Athumani akakuna kichwa. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa halishiki, na ngozi za breki zilizobaki zilitosha moja tu. Lipi?

Bibi akanivuta kanga. Yeye alikuwa ameziona alama zikiwa mbichi, kabla ya watoto. "Mwambie fundi gurudumu la nyuma la kulia haliandiki. Lile jingine linachora mstari, la kulia linapita tu."

Nikamwambia fundi. Akavua gurudumu la kulia, akafungua ngoma. Ndani mlikuwa mkavu na safi kama sahani ya sikukuu. Akaifunga akinitazama kwa jicho la pembeni. Tukajaribu tena. Panzi likalipita jiwe palepale, likaingia kwenye maharage yaleyale.

"Mwambie Bibi yako," Athumani akasema, "aje na kunifundisha kuchemsha chai."

"Mwambie fundi," Bibi akasema kwa utulivu, "la kulia haliandiki."

Niliona mambo yanaharibika. Sasa Bibi alikuwa na maadui wawili, na ngozi ilikuwa ya gurudumu moja. Wakubwa wakaenda kunywa chai, kila mmoja mahali pake. Mimi nikapanda kwenye gari peke yangu, nikaketi mahali pa Bibi, kama Bibi, nikijifunika kanga puani, nikaliwazia jiwe mapajani. Nikainua mkono wa kulia, mkono wa kulia chakula. Nikautazama ulipoelekea. Kisha nikageuka nikatazama mbele kama fundi, nikainua mkono uleule, ukawa upande mwingine wa gari.

Nilikimbia jikoni na barazani nikipiga kelele kama nyumba inaungua. Nilimshika Athumani mkono, nikamkalisha kinyumenyume, chai yake ikimwagika. Alikaa pale, akainua mkono wa kulia, akautazama. Halafu alicheka mpaka akashuka garini akakaa chini. "Bibi alikuwa anasema kweli," alisema, "ila alikuwa anaisema kutoka upande wa wakwe." Bibi akasikia jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Mlalo nikamsikia akicheka kwa sauti. Baba barazani alikuwa anacheka pia. Walicheka pamoja, ukuta katikati.

Gurudumu la kushoto lilipofunguliwa, ndani mlikuwa kama kikaango. Mafuta yalikuwa yanavuja kutoka kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na kulainisha breki. Ngozi mpya ilikuwepo, lakini kizuizi cha mafuta kilikuwa kimeoza, na badala yake kilitakiwa kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa. Fundi akatazama huku na huku, macho yake yakatua juu ya kichwa cha baba.

Baba alikuwa na kofia moja ya heshima, ya kijivu, ya sufu ya namna hiyohiyo, aliyoinunua Tanga siku alipowekewa mikono kuwa mchungaji. Aliivaa kwenda kwenye mazishi, harusi na bomani. Aliivua, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akampa Athumani. Athumani akaikata duara bila huruma. Mama dirishani alifunika mdomo. Siku zote nikikumbuka sadaka, sikumbuki kikapu cha kanisani, nakumbuka kofia ile.

"Sasa lazima zipikwe," Athumani akasema. Breki mpya hazishiki mpaka zimeonja moto. Tukashuka na kupanda, kushuka na kupanda, kidogo kidogo, mpaka harufu ile ikatoka magurudumuni na kujaza ua wote. Na mama yangu, ambaye ujauzito ulimfanya asipende hata harufu ya kitunguu, alitoka nje, akavuta kigoda karibu na gurudumu, akafumba macho akanusa. Wenzake walitamani udongo, yeye alitamani breki. Athumani alimwambia baba kwamba mtoto huyo akiwa wa kiume ampelekee Mombo, kazi anayo.

Kisha jaribio. Mwerezi. "Kanyaga!" Magurudumu yote yakachora, na Panzi likasimama kabla ya jiwe. Watu walipiga vigelegele kama harusini. Bibi akashuka polepole, akaliokota jiwe, tukadhani yamekwisha. Akapanda nalo mlima, akaliweka karibu zaidi na mwerezi.

"Mwambie baba yako, sasa hapa."

Athumani alitaka kusema neno, baba akamzuia kwa mkono. Tukarudi juu. Tukashuka. Panzi likasimama jiwe likiwa bado mbele ya pua yake. Bibi akashuka, akalizunguka gari, akagusa kila gurudumu kwa kiganja kama anayepima homa, akaliokota jiwe akalifunga kwenye kanga. "Mwambie baba yako," alisema, "mwanangu atapanda."

Uchungu ulikuja asubuhi moja ya masika, ukungu umeshuka mpaka kwenye ngazi za kanisa. Jirani alitaka kubaki nami, Bibi akasema, "Na nani atasema na baba yake?" Nikapanda. Lakini siku hiyo Bibi hakuketi kinyumenyume. Mama alikuwa anaumia, na Bibi alipiga magoti nyuma ya kiti chake, akamshika mabega, uso wake mbele, karibu kabisa na uso wa baba. Baba alitazama barabara tu. Gia ilikuwa ileile ya kupandia. Injini ililia njia nzima kama mtu anayebeba mzigo bila kuutua.

Tulivuka daraja la mbao. Tukapanda, tukaanza kushuka upande wa pili, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba pua ya Panzi ilikuwa inapotea na kurudi. Nilikuwa nimekaa chini ya kiwiko cha Bibi, nikisubiri kazi yangu. Nilijua namna itakavyokuwa: Bibi ataniambia, mimi nitamwambia baba. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba leo sitaongeza salamu.

Bibi hakuniambia.

"Simama, mwanangu!"

Alisema kwa Kishambaa cha Mlalo, moja kwa moja, sikioni mwa baba. Baba alikanyaga neno lilipokuwa bado halijaisha. Panzi lilishika, magurudumu yote pamoja, likatetemeka, harufu ikapanda, likasimama. Mbele ya taa zake hapakuwa na barabara. Mvua ya usiku ilikuwa imeiporomosha, na udongo mwekundu ulikuwa bado unateremka kidogo kidogo kwenda bondeni, tukiusikia bila kuuona; Bibi alikuwa ameusikia kabla yetu.

Bibi alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Kisha akashuka, akaliweka jiwe mbele ya gurudumu. Baba bado ameshika usukani. Akasema, bila kugeuka, "Mwambie Bibi, asante."

Bibi alikuwa hatua moja kutoka kwake. Nikamwambia, "Bibi, baba anasema asante." Akaitikia kwa kichwa.

Bumbuli haikuwa mbali tena. Baba alipiga honi mpaka wanaume wakatoka mashambani na majembe yao. Wakasema watatengeneza machela, mama akasema, katikati ya uchungu wake, "Nilisema siipandi." Basi baba akang'oa kiti cha Panzi, kiti chekundu cha ngozi cha gari la mashindano, wakamkalisha mama humo, wakakiinua mabegani, wakapita naye njia ya juu ya maporomoko kama malkia mwenye hasira. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya adhuhuri, akalia kwa sauti ya kutosha wawili. Wakampa jina la Bibi.

Nilidhani sasa vita vimekwisha. Wamezungumza! Lakini siku iliyofuata Bibi alipomwona baba akija kwenye baraza ya hospitali, alijifunika akageukia ukuta, na baba akapita upande mwingine. Nililia mpaka mama akaniita kitandani. Nikamweleza yote, chuki yao, maombi yangu, na jiwe la kumpigia baba. Alicheka akishika tumbo, kisha akanifuta machozi.

"Hawachukiani, mwanangu. Baba yako hana mtu anayemheshimu duniani kuliko mama yangu, kwa sababu alinizaa mimi akampa. Heshima hiyo kwetu haisemwi kwa mdomo. Siku ukiwaona wanasalimiana ovyo njiani, ndipo ulie."

Bibi aliporudi Mlalo alimpelekea baba kuku, kupitia kwangu, kwa kosa la kumpigia kelele mkwe. Baba akampelekea blanketi jipya, kupitia kwangu. Panzi lilitumika bado, likabeba wagonjwa wengi wa milima ile kwa kiti kilekile kilichorudishwa, mpaka likachoka lote isipokuwa breki. Athumani aliwahi kupanda tena, akamkuta mtoto ni wa kike, akasema haidhuru, kazi ipo palepale. Mdogo wangu amekuwa muuguzi, amestaafu juzi, na hajui kubadili hata balbu.

Bibi alifariki nikiwa msichana mkubwa. Tulikwenda Mlalo wote. Baada ya ibada baba, kwa joho lake, alibaki kando ya kaburi kabla halijafukiwa, na mimi, kwa mazoea, nikasogea karibu yake nikasimama katikati, nikingoja aniambie cha kumwambia Bibi. Aliniwekea mkono begani. Akanisogeza taratibu, akainama mpaka joho likagusa udongo.

"Asante, mama," akasema.

Nikampisha.